Motokari Niliyoifufua Kumbe Ina Mwenyewe

Mama Simone mpendwa, nisaidie, na ukiweza unisaidie kabla ya Juni 30, maana nikikosea safari hii nitakosea mbele ya Kolwezi nzima, na baba yangu ni mzee, na mimi mwenyewe sijui tena kama ninachokitetea ni heshima yake au ni motokari.

Naitwa Bilkisi, ni mama wa watoto wawili, nauza vipuri vya magari Manika, mtaa wa hapa Kolwezi. Asili yetu ni Maniema, babu alikuja Katanga na kazi ya usafirishaji na hatukutoka tena, kwa hiyo nimekulia kati ya malori, na moteri ikiwa na njaa ya mafuta naijua kwa sauti tu, kama mama anavyojua kilio cha mtoto wake. Sijisifu bure, utaona.

Tangu nilipopata akili, katika kiwanja chetu kulikuwa na Pejo 404 familiale, ile ndefu yenye safu tatu za viti, rangi ya kijani, na kila mtu Manika aliijua kuwa ni Pejo ya Hadji Hassani, yaani baba yangu. Ilileta makaa na mihogo kutoka Mutshatsha, ilipeleka wagonjwa hospitali na mabibi harusi kwa waume zao, mimi mwenyewe siku ya ndoa yangu nilitoka nyumbani ndani yake, na watoto wa mtaa walikimbia nyuma wakiimba. Kisha moteri ikafa, Baba akaifunika kwa turubai, ikakaa hapo miaka na miaka, kuku wakataga mayai chini yake. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara nyingi na Baba aliwafukuza kwa fimbo, na sisi watoto tulicheka tukasema mzee anapenda gari lake la ujana.

Nilipomwomba anipe ile maiti niifufue, alikataa. Nikaomba tena, akakataa tena, mpaka siku moja akasema, "Fanya. Lakini usiiuzishe." Basi, Mama Simone, niliifungua moteri yote nikaitandaza juu ya meza ya jikoni, tukala chini kwenye mkeka muda mrefu sana, nikatafuta vipuri Lubumbashi, nikavuka mpaka nikatafuta Ndola, vioo nikavitoa kwenye mzoga wa Pejo nyingine nyuma ya stesheni ya Mutshatsha, na mashimo ya karosri, yale ya bodi, niliyaziba mwenyewe na kuyapiga msasa mpaka kucha zikaisha. Chini ya ile rangi ya kijani nilikuta nyingine, kijivu kama manyoya ya njiwa, nzuri ajabu. Nikamwambia Baba, nitairudishia rangi yake ya kwanza. Baba akaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Nilidhani ni furaha, nikaipaka kijivu.

Tuna kikundi hapa, Amicale ya Motokari za Zamani, tunakutana Jumapili baada ya watu kutoka misani, tunapanga magari kwenye kiwanja, tunafungua makapo ya moteri, tunabishana kuhusu karibireta na kuhusu nani amedanganya kwa kuweka pneu mpya, tairi za kisasa. Rais wetu ni mzee wetu Tata Stéphane, mwalimu aliyestaafu, ana Coccinelle ya bluu, kile kigari cha mgongo wa kobe, anayoifuta kwa leso ya mfukoni mwake. Siku ya kwanza nilipofika, wanaume wale waliniona natoka kwenye usukani, nyuma ya volan, wakaangalia kiti cha pembeni kutafuta mwanaume aliyenileta. Nilifungua kapo, nikasogea, nikawaacha waangalie. Tata Stéphane alisikiliza moteri kwa muda, kisha akavua kofia. Leo hii vijana wachimbaji kutoka Musonoi wanakuja na udongo mwekundu kwenye viatu kupiga picha na Pejo yangu, na mwaka huu Amicale imepata ruhusa ya kupita kwenye gwaride la siku ya uhuru, Juni 30, na gari lililochaguliwa kutangulia yote ni la kwangu. Nilipomwambia Baba alitabasamu na midomo tu.

Sasa sikiliza. Jumapili iliyopita alikuja mzee mmoja mrefu, ameshika mkono wa binti yake. Alisimama mbali. Kisha akakaribia polepole, akazunguka Pejo yote, akaniuliza, "Mama, hii motokari ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni ya baba yangu, Tata. Karibu uangalie."

"Naweza kuikala mule kidogo?"

Nikamfungulia mlango kwa fahari yote. Akakaa, na mkono wake, Mama Simone, bila yeye kuangalia, ukaenda moja kwa moja kwenye levye ya vitesi, ile ya gia inayotoka pembeni mwa volan. Kichwa cha levye hiyo si cha plastiki kama kwenye Pejo nyingine, ni cha shaba, cha duara, kizuri, tangu zamani tulijua tu kwamba kiko hivyo. Mzee akakizungusha kwenye kiganja.

"Hii, mi ndjo nilichonga," akasema. "Ku mashine ya kazi, wakati tulizaa mutoto wetu wa kwanza."

Nilicheka, nilidhani ni maneno ya uzee. Yeye hakucheka. Alikaa kidogo, akatoka, akafunga mlango kwa upole kama mtu anayetoka chumbani mwa mgonjwa, akaniambia, "Mumeitengeneza muzuri, mama. Muzuri sana." Akashika mkono wa binti yake, wakaenda.

Kesho yake yule binti alikuja dukani kwangu. Anaitwa Abigaëlle, anafanya kazi hapa Kolwezi, na baba yake, Tata Tshimanga, amekuja kumtembelea kutoka Mbuji-Mayi, kule Kasai, atarudi baada ya Juni 30. Akaniambia, "Mama, hatukukuya kuomba kitu. Tata hakule muzuri tangu jana. Anataka tu kujua kama Hassani angali muzima."

Sikuwa nimewatajia jina la Baba, yeye wala mzee. Na hapa kwetu wote humwita Hadji. Hassani tu, bila Hadji, humwita watu wa zamani sana, wa kabla hajaenda Maka.

Nilifunga duka, nikaenda nyumbani, nikamkuta Baba ametoka kuswali alasiri. Nikamuuliza, "Baba, Tshimanga ni nani?" Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Akasema, "Kumbe amefika," kama mtu aliyekuwa akimngoja kila siku.

Kisha akanieleza. Nakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa sababu hayatoki kichwani mwangu.

"Ile mwaka balikuwa banafukuza batu ya Kasai huku Katanga. Tshimanga alikuwa jirani yetu, mutu ya kazi, hakugombana na mutu. Yeye na bibi yake na batoto balilala ku gare siku mingi, banangoja train. Nilibapelekea chakula. Pale ku gare alinipa funguo. Anasema, Hassani, uichunge, mambo itapoa, nitarudia. Sasa bijana balikuya ku parcelle, mu kiwanja hapa, na petroli. Banasema, hii motokari ni ya Mukasai, tunaichoma. Mi nikasimama mbele yake. Nikasema, ni yangu, aliniuzishia. Nikaapa kwa jina la Mungu. Balipoenda, nikaipaka rangi ingine ili basiitambue. Mwaka ikapita, ingine ikapita, habari hapana. Batu mingi balikufa mu ile train, nikafikiri naye alikufa. Na batoto balitaka kula. Nilisema ni yangu mara moya ili basiichome, Bilkisi. Kisha nikaendelea kusema."

Halafu akasema, "Nilienda Maka na ile neno mu roho. Nikarudi nayo."

Nilimwita kaka yangu Ibrahim, mwenye malori yetu sasa, nikadhani atanisaidia. Ibrahim akasema, "Moteri ni wewe ulifanya. Rangi, pneu, bioo, ni wewe. Ya ule muzee inabakia nini? Bati! Ngoja Juni 30 ipite, atarudia kwabo, na Baba atakufa na heshima yake. Unataka baseme Hadji ni mwizi?" Baba alikuwa amekaa hapohapo, anasikia. Hakumkatalia. Aliniambia tu, "Fanya vile unaona muzuri, mwanangu," akaingia ndani.

Basi nimeachiwa mimi. Nikisema, namvua Baba nguo mbele ya mji. Nikinyamaza, yule mzee atasimama kando ya barabara aone Pejo yake ikitangulia gwaride na jina letu. Na niseme ukweli wote kwa sababu hunioni uso: aibu ya Baba naweza kuibeba, ila siwezi kufikiria asubuhi nitakapofungua mlango nikute mahali pa Pejo ni patupu. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri kama hicho, na sijui kama nitaweza tena. Je, Mama Simone, ni dhambi kungoja tu mpaka gwaride lipite?

Bilkisi, Manika

*

MAMA SIMONE ANAJIBU

Bilkisi, jibu hili nilikutumia kwenye simu siku ileile barua yako iliponifikia, maana gwaride halingoji gazeti. Sasa nalichapa kwa ruhusa yako na ya baba yako.

Nianze na hongera, kwa sababu ugomvi unakuja. Mwanamke aliyetandaza moteri mfu juu ya meza ya jikoni, akaifunga tena, ikawaka, huyo simhurumii, namvulia kofia kama Tata Stéphane. Na ujue jambo moja: ufundi huo haumo ndani ya Pejo. Umo mikononi mwako. Pejo inaweza kuondoka kiwanjani, mikono itabaki. Usiniambie hutaweza tena. Unajua vizuri kwamba utaweza.

Sasa ugomvi. Umeniandikia barua ndefu kuhusu heshima ya Baba, na ukweli ukausukumia mwishoni kabisa kama takataka chini ya mkeka. Wewe unaogopa kupoteza motokari. Kuipenda si aibu. Aibu ni kujificha nyuma ya kanzu ya mzee wako na kusema unamlinda yeye.

Halafu, nani amesema Hadji Hassani ni mwizi? Mwizi anauza. Mwizi hawafukuzi wanunuzi wa vyuma kwa fimbo, wala hamwambii binti yake "usiiuzishe". Mimi nilikuwa msichana hapa Kolwezi mwaka ule. Nakumbuka gare. Nakumbuka majirani waliokuwa wamekula sahani moja na wale watu, na jinsi milango yao ilivyofungwa. Baba yako alipeleka chakula. Baba yako alisimama mbele ya petroli kwa ajili ya mali ya mtu ambaye hangeweza tena kumsaidia kwa lolote. Hilo ndilo jambo la kusimulia wajukuu, na yeye amelificha maisha yake yote kama mtu anayeficha aibu! Kwa nini? Kwa sababu hatari ilipopita, hakufungua mdomo. Hapo alikosa, na sitampaka asali. Kiapo cha kumdanganya mwenye petroli mkononi, Mungu anakijua. Lakini miaka iliyofuata hakukuwa na mtu mwenye petroli mlangoni.

Kaka yako Ibrahim mwambie anyamaze kwanza. Mpangaji akibadilisha mabati, nyumba inakuwa yake? Akipaka ukuta chokaa, ndiyo amerithi? Ibrahim anaendesha malori. Siku dereva wake atakapobadilisha moteri na kuondoka na lori, aje aniambie tena habari ya bati.

Uliuliza kama unaweza kungoja gwaride lipite. Hapana. Jione umeshika ile volan, muziki unapigwa, watu wanapiga makofi, na kando ya barabara amesimama Tata Tshimanga, mtu mzima aliyekuwa na haki ya kupiga kelele Jumapili ile mbele ya watu wote na badala yake akakusifu kazi yako. Utampungia mkono? Utageuza uso? Furaha ya siku hiyo itakuwa na ladha ya majivu, na wewe si mtu wa kufurahia majivu, hilo nimelijua kwa barua yako.

Kwa hiyo fanya hivi. Usipige simu, usimtume Abigaëlle, wala usiende kusema wewe. Baba yako amekuachia uamuzi, umrudishie, kwa heshima lakini umrudishie, kwa sababu neno hili lilitoka kinywani mwake na kinywa kingine hakiwezi kulifuta. Kesho mchana mwambie avae vizuri, mkalishe mbele katika Pejo, umpeleke mpaka mlangoni kwa yule mzee. Yeye ashuke na funguo. Wewe simama karibu na gari, ufunge mdomo. Usitaje kucha zako wala Ndola wala meza ya jikoni, isipokuwa ukiulizwa. Usiombe akuachie mpaka gwaride liishe; anayerudisha kitu kwa masharti bado hajarudisha. Kabla ya hapo pita kwa Tata Stéphane umwambie atafute gari lingine la kutangulia.

Na mzee akitia funguo mfukoni, basi ametia. Mpandishe Baba pikipiki ya taxi-moto, panda nyingine, lia ukifika nyumbani. Inaruhusiwa. Halafu uniandikie.

*

BARUA YA PILI YA BILKISI

Mama Simone, nilirudi na taxi-moto peke yangu, uso nimeuficha mgongoni mwa dereva. Sasa nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Baba alikataa kwanza. Akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia, "Baba, mi siwezi kusema mahali pako." Akaenda kuoga, akavaa kanzu nyeupe ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Njiani alishikilia mlango kwa mikono yote miwili.

Tata Tshimanga alikuwa amekaa nje ya nyumba ya Abigaëlle. Alipoona Pejo inaingia alisimama. Baba akashuka, na nilitaka kumshika mkono, lakini nikakumbuka uliniambia nisimame karibu na gari.

Baba akasema, "Tshimanga. Nimekuletea motokari yako."

Yule mzee akamwangalia muda mrefu. "Ulikawia, Hassani."

"Nilikawia. Na tena nilibaambia batu ni yangu. Myaka yote. Batoto yangu balikomaa banajua ni yangu."

"Nilisikia," Tata Tshimanga akasema.

Baba akashtuka. "Ulisikia wapi?"

"Kule Mbuji-Mayi. Batu balifika nyuma yetu, banatuambia: motokari yako, Hassani ameisha kuikamata, ameipaka vert, rangi ya majani, anatembea nayo. Nilikukasirikia sana. Bibi yangu alisemaga, hapana, Hassani haiko mutu ya vile. Mi nilikatala. Amekufa, na mi nilikuwa nakatala tu."

Mama Simone, hapo ndipo Baba alipomweleza habari ya petroli. Kumbe mwenzake hakuijua kabisa. Alijua rangi tu, hakujua kwa nini. Baba alivyokuwa anaeleza, Tata Tshimanga alikuwa anashuka polepole kwenye kiti, mpaka akakaa, akafunika macho, akasema, "Angesikia hii. Bibi yangu angesikia hii." Wakalia wote wawili, wazee wawili, na Abigaëlle akaingia ndani kwa sababu si vizuri mtoto kuwaangalia, na mimi nikageuka nikaufuta mlango wa gari uliokuwa safi tayari.

Halafu Baba akatoa funguo. Nitasema ukweli: nilitegemea Tata Tshimanga atazirudisha. Moyoni nilikuwa nimeshamsikia akisema, "Kaeni nayo, ni yenu." Hakusema. Alizichukua, akazitia mfukoni, akamwambia Baba, "Ikala, tule." Baba akabaki kula bukari, ugali wetu, kwa rafiki yake, na mimi nikaondoka.

Kwa hiyo motokari haiko kwetu tena. Inalala kwa Abigaëlle, na itabaki hapo baba yake akirudi Mbuji-Mayi. Asubuhi ya kwanza nilifungua mlango nikaona mahali pake, na mafuta yaliyomwagika kwenye udongo, na kuku wanazunguka kama waliofiwa. Nililia tena. Ibrahim alinikuta pale. Sikungoja pole kutoka kwake, lakini alisema, "Nimeona Coccinelle moja imeoza nyuma ya magazini, lile ghala ninapopakia malori. Tukienda tutazungumuza na mwenyewe." Hayo ndiyo maneno ya kuomba msamaha ya kaka yangu. Tunakwenda wiki ijayo.

Juni 30 sikuwa na mpango wa kwenda. Nilikuwa nimevaa nguo za kufulia nikasikia mlangoni vitesi vinalia kama mbuzi anachinjwa. Nikatoka mbio. Ni Tata Tshimanga nyuma ya volan, amevaa koti na kofia, Abigaëlle pembeni yake ameshika kiti kwa woga.

"Mama," akaniambia, "macho yangu haioni tena muzuri, na mutoto wangu hajajua hii levye. Nani ataiendesha? Uvae haraka. Na mwite Hassani."

Tulifika tumechelewa. Coccinelle ya Tata Stéphane ilikuwa imetangulia, sisi tukapangwa nyuma ya Land Rover iliyokuwa inatupulizia moshi, na sikujali. Wazee walikaa safu ya nyuma yangu, bega kwa bega, Abigaëlle mbele. Tulipofika mbele ya watu wakubwa, mtangazaji alikuwa anasimamisha kila gari la Amicale na kuuliza ni la nani. Akaleta mikrofoni dirishani kwangu. Kabla sijafungua mdomo, mkono wa Baba ukapita juu ya bega langu ukaishika.

"Ni ya Tshimanga," Baba akasema, na sauti yake ikatoka kwenye spika zote. "Tshimanga wa hapa Kolwezi. Alinipa niichunge, nikaichunga. Iliisha kufa. Mutoto yangu mwanamuke, huyu unaona, ndjo aliifufua na mikono yake."

Watu wa umri wangu hawakuelewa, lakini wazee walielewa, niliwaona wanaangaliana. Halafu kutoka katikati ya umati mwanamke mmoja akaita kwa nguvu, kwa Kiluba cha Kasai, "Moyo, tatu!", yaani salamu, baba, na mwingine akaitikia mbali zaidi, na makofi yakaanza upande ule yakaja mpaka kwetu. Tata Tshimanga akateremsha kioo, akatoa mkono wake wote nje, akawaamkia. Nikatia vitesi, vikaingia kimya kabisa, tukapita.